Mwaka Mmoja na Programu ya Kuchunga Simu za Vijana: Tathmini ya Mzazi

Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikilipia huduma ya kuchunga simu za vijana, ile aina ambayo mzazi huweka programu moja kwenye simu yake na nyingine kwenye simu ya mwanawe, kisha akawa anaona kijana ametumia muda gani, kwenye programu ipi, ameandikiana na nani, na wakati huo yuko wapi. Niliiweka kwenye simu mbili: ya binti yangu, aliyekuwa na miaka 13 tulipoanza, na ya kaka yake aliyekuwa na miaka 16. Sitaitaja huduma yenyewe kwa jina, kwa kuwa wazazi wenzangu wanaotumia za washindani wake wamenionyesha zao na nimekuta zinafanana karibu kwa kila kitu, hivyo ninayoyasema yanaihusu aina nzima. Kwa anayependa kupata hukumu kabla ya hoja, ningeipa nyota mbili na nusu kati ya tano, na karibu zote imezipata kwa kazi yake ya usiku.

Kuiweka kulichukua jioni nzima, na yapo mambo ya kiufundi ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla ya kulipa, kwa sababu matangazo huyapita kimyakimya. Kwenye simu za Android, programu huomba ruhusa ya huduma za ufikivu, yaani ile ruhusa iliyobuniwa kuwasaidia watu wenye ulemavu, kwa mfano wasioona, kusomewa yaliyomo kwenye kioo cha simu. Ikishapewa ruhusa hiyo, inaweza kusoma karibu kila kinachojitokeza hapo. Kwenye iPhone mlango huo haukufunguliwa kwa programu za nje, na mwaka 2019 Apple iliziondoa dukani mwake programu kadhaa za udhibiti wa wazazi kwa hoja kwamba zilitumia mfumo wa kusimamia vifaa uliokusudiwa kwa makampuni na wafanyakazi wao, jambo ambalo ilisema linahatarisha faragha ya watoto. Matokeo yake ni kwamba huduma ile ile, kwa malipo yale yale, inaona mengi sana kwenye simu ya binti yangu, ambayo ni ya Android, na machache mno kwenye iPhone ya kaka yake.

Jambo la pili linahusu ujumbe. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefungwa kwa msimbo kutoka simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, na hakuna aliye katikati anayeweza kuusoma. Huduma hizi hazivunji kufuli hilo. Zinasubiri ujumbe ufunguliwe na kuonekana kwenye kioo, au utokee kama arifa, ndipo zinapounakili. Anayenunua aelewe basi kwamba hanunui sikio la njiani bali jicho la begani, na kijana akishalijua hilo hujifunza upesi kuligeuzia mgongo.

Tuanze na kazi ambayo kila huduma ya aina hii huitanguliza, nayo ni kuhesabu dakika. Niliweka kikomo cha saa mbili kwa siku. Matangazo ya huduma yalinikumbusha mara kwa mara tahadhari iliyotolewa mwezi Mei 2023 na Vivek Murthy, aliyekuwa Daktari Mkuu wa Marekani, iliyosema kwamba vijana wanaotumia zaidi ya saa tatu kwa siku kwenye mitandao ya kijamii wanakabiliwa na hatari maradufu ya matatizo ya afya ya akili, ikiwemo dalili za sonona na wasiwasi. Hayo yamo katika tahadhari hiyo kweli. Lakini imo pia kauli, ambayo matangazo hayakuinukuu, kwamba mitandao hiyo hiyo huwafaa baadhi ya vijana kwa kuwapa wenzao wa kuwaelewa. Vilevile mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua taarifa za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza, wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza, kwa kiwango cha juu kabisa, asilimia 0.4 tu ya tofauti za ustawi wao. Sitaki kujifanya mtaalamu wa kupatanisha matokeo hayo. Ninachosema ni kwamba muuzaji wa saa ya kuhesabia dakika ana kila sababu ya kutuaminisha kwamba tatizo ni dakika.

Katika nyumba yangu, dakika zilikuwa kipimo kibovu. Programu ilihesabu kwa uzito mmoja dakika ambayo binti yangu aliitumia kumfafanulia mwenzake hesabu za milinganyo na dakika aliyoitumia kusogeza video kwa kidole bila kukumbuka ya mwisho aliyoiona. Kusogeza kusikokuwa na mwisho kulibuniwa mwaka 2006 na mbunifu wa programu Aza Raskin, ambaye baadaye alijitokeza hadharani kueleza majuto yake, na yeyote aliyewahi kukaa na kijana anayesogeza anafahamu majuto hayo yanatoka wapi. Kikomo changu hakikumzuia kusogeza. Kilimfanya asogeze kwa pupa. Alizitumia saa mbili zake zote mara tu alipotoka shuleni, kwa hofu ya kuzikosa, na ilipofika jioni, wakati wenzake walipokuwa wakipanga kazi ya kikundi ya siku inayofuata, simu yake ilikuwa imefungwa. Kaka yake hakupata shida hiyo. Aligundua ndani ya wiki ya kwanza kwamba programu iliyofungwa hufunguka vizuri tu kama tovuti kwenye kivinjari, na nilipoziba tundu hilo akabadilisha saa ya simu. Nilipomuuliza alijibu kwa utulivu, "Mama, hii programu inapima saa ya simu, haipimi mimi." Nilimkaripia, kama ilivyonipasa, lakini sentensi ile nimeishi nayo tangu siku hiyo.

Sasa niingie kwenye sehemu ya maonyo, ambayo ndiyo iliyonifanya niinunue huduma hii na ndiyo iliyoniangusha zaidi. Programu husoma mazungumzo ikitafuta maneno ya hatari: kifo, kuua, kujidhuru, dawa za kulevya, matusi, ngono. Ikiyakuta, humtumia mzazi arifa yenye alama nyekundu. Huduma hudai kuelewa lugha nyingi, lakini inavyoelekea huelewa maneno tu, si watu wanaoyasema. Katika wiki ya kwanza nilipokea arifa nyekundu ambayo nusura initoe machozi, kwa sababu binti yangu alikuwa ameandika "nimekufa mie". Nilipofungua mazungumzo nikakuta ni jibu la kichekesho alichotumiwa na rafiki yake. Alikuwa amekufa kwa kicheko. Kaka yake aliwekewa alama kwa kuandika "namuua huyu kipa leo" akiwa anacheza mchezo wa mpira kwenye simu. Upande wa pili, matusi yaliyoandikwa kwa lugha yao ya vijana, ile inayobadilika kila baada ya miezi michache, yalipita bila kuguswa, na sifa ya "hongera mrembo" iliyotumwa kwa kejeli, ikisindikizwa na vikaragosi vitatu vya kucheka, ilihesabiwa kuwa mawasiliano mazuri.

Hayo yangevumilika. Kengele ya moto nayo hulia kwa moshi wa jikoni, na hatuiondoi kwa sababu hiyo. Kasoro ya kweli niliigundua katika mwezi wa tano, na nitaieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo ambalo huduma hizi hazilijui kuhusu maisha ya vijana.

Jioni moja binti yangu alikuwa ameketi na simu mkononi bila kuigusa. Nilifungua ripoti yake. Ilikuwa ya kijani tupu: hakuna neno la hatari, hakuna mgeni aliyemwandikia, na muda wa matumizi ulikuwa umeshuka sana kuliko wiki iliyotangulia, jambo ambalo programu ilinipongeza nalo kwa kuniwekea nyota ndogo ya dhahabu. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba wasichana wa darasa lake walikuwa wameanzisha kundi jipya la mazungumzo bila yeye. Kundi la zamani halikufungwa, wala hakuna aliyemtoa, wala hakuna aliyemtukana. Liliachwa tu, kama nyumba iliyohamwa na watu huku taa zikiwa zinawaka. Alikuwa ameandika humo swali kuhusu safari ya shule. Orodha ya waliosoma ilionyesha majina kumi na moja. Waliojibu hawakuwapo.

Tangu WhatsApp ilipoleta alama za bluu za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa, mwishoni mwa mwaka 2014, kutojibiwa kumekuwa na maana ambayo barua na simu za zamani hazikuwa nayo: mwandikaji anajua kwamba amesikika, na anajua kwamba kunyamaziwa kwake ni kwa makusudi. Mtu mzima huweza kujipa sababu, kwamba fulani ana kazi, fulani amesahau. Kijana wa miaka 13 hana akiba hiyo. Kwake kundi la wenzake ndilo uwanja wa kujua anavaaje, anachekaje, anamwonaje mwalimu, na nani ni nani. Kuachwa nje ya kundi si kukosa habari, ni kukosa mahali pa kusimama. Jeraha hilo halina neno hata moja ambalo programu ingeweza kulipaka rangi nyekundu. Limeundwa kwa kimya chote, na kimya ndicho kitu pekee ambacho huduma niliyoilipia hukisoma kuwa usalama.

Siku chache baadaye nilipata kujua kwa nini kundi jipya lilianzishwa, na hapa inanilazimu niseme jambo lisilonipendeza. Binti yangu alikuwa amemweleza rafiki yake mmoja, kwa siri, kwamba mama yake anasoma ujumbe. Siri hiyo ilikaa siku mbili. Wale wasichana hawakumchukia. Walimwepuka kama mtu anavyoepuka chumba chenye kamera. Na nikiwafikiria kwa haki, walikuwa sahihi. Katika miezi ile mitano nilikuwa nimesoma ugomvi wa mmoja wao na baba wa kambo, hofu ya mwingine kuhusu mwili wake, na mengine ambayo hayakuwa yangu wala hayakuwa ya binti yangu kuniruhusu niyasome. Mkataba wa huduma unamtaka mzazi athibitishe kwamba ana mamlaka juu ya simu. Hauna kifungu hata kimoja kinachowataja watoto wa watu wengine, ambao maneno yao huingia kwenye simu hiyo kila siku. Mnunuzi asidhani anaweka mlinzi kwenye mlango wa mwanawe pekee.

Nilizima usomaji wa ujumbe usiku ule ule. Kurudi kwake kwenye kundi kulichukua karibu muhula mzima, na sidhani kama kuna mipangilio ambayo ingeharakisha.

Kuhusu ramani ya kuonyesha kijana yuko wapi, sina mengi. Hufanya kazi vizuri nje, hukosea ndani ya majengo makubwa, na hula betri kiasi cha kuonekana. Mwanangu wa kiume aliikubali kwa sharti kwamba yeye pia aone mahali nilipo, na mpango huo umedumu bila ugomvi.

Nimefika kwenye sehemu ninayoweza kuisifu bila kusita, ambayo ni kufuli la usiku. Kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, simu zote mbili hubaki na uwezo wa kupiga simu za dharura tu. Wataalamu wa usingizi wa Chuo cha Tiba ya Usingizi cha Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 za usingizi kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na inajulikana kwamba wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele, yaani usingizi huchelewa kumjia kijana hata bila simu. Ukiongeza kundi la mazungumzo ambalo huchangamka kuanzia saa nne za usiku, kijana anayetakiwa kuamka alfajiri hana njia ya kuzifikisha saa hizo. Baada ya wiki tatu za kufuli, kuamsha watoto nyumbani kwangu kulikoma kuwa kazi ya kupiga kelele.

Lakini faida kubwa ya kufuli hilo sikuitarajia, wala sijaiona ikitajwa katika maelezo ya huduma yoyote. Mtandao mmoja anaoutumia binti yangu huhesabu siku ambazo marafiki wawili wametumiana picha mfululizo, na siku ikipita bila kutumiana, hesabu hurudi sifuri. Nilidhani kufuli lingemletea fedheha kwa sababu ya hesabu hizo. Likawa kinyume. Siku moja aliniambia, akiwa anakunja nguo na bila kunitazama, "Mama, usiiondoe ile ya usiku. Nikiwaambia umeifunga wewe, hawaninunii." Nilielewa taratibu. Kijana anayetaka kulala saa tatu na nusu hawezi kuaga kundi kwa hiari yake bila kuonekana anajidai, au amekasirika, au ana kundi jingine linalomngoja. Anapofungiwa na mzazi, hakuna wa kumlaumu isipokuwa mzazi, na huyo hayumo kwenye kundi. Kufuli lilikuwa limempa udhuru. Huduma ambayo haikuweza kukiona kimya cha wenzake ilikuwa imemwezesha yeye mwenyewe kunyamaza bila kuhesabiwa kosa. Kaka yake, ambaye ana kiburi zaidi, hajawahi kukiri jambo kama hilo, ingawa nimeona kwamba kufuli la usiku ndilo pekee ambalo hakuwahi kulitafutia tundu.

Niseme pia machache juu ya huduma hii inavyomfanya mzazi, kwa sababu tathmini nyingi humsahau. Programu ya mzazi nayo ni programu ya simu, yenye arifa, alama nyekundu, michoro ya wiki na nyota za dhahabu. Katika miezi ya mwanzo nilikuwa nikiifungua mezani, kitandani, na mara moja katikati ya ibada. Nilikuwa nimenunua dawa ya kumwondolea binti yangu mazoea ambayo nilianza kuyapata mimi.

Swali la mnunuzi basi linabaki hili: je, kile kilichofaa kinahitaji kulipiwa? Jibu ni hapana. Google ilianzisha Family Link mwaka 2017, na Apple ilileta Muda wa Skrini pamoja na iOS 12, toleo la mfumo wa simu zake, mwaka 2018. Zote mbili ni bure, zote mbili hufunga simu usiku, huweka vikomo kwa kila programu, na humwezesha mzazi kuidhinisha programu mpya kabla haijapakuliwa. Hazimwonyeshi mzazi ujumbe wa mtoto wala hazimletei maandishi ya marafiki zake, na baada ya mwaka huu nahesabu upungufu huo kuwa sifa. Instagram, ilipotangaza akaunti za vijana mwezi Septemba 2024, ilichagua njia ya katikati: mzazi anayesimamia akaunti anaweza kuona kijana amewasiliana na nani katika siku saba zilizopita, lakini hasomi walichoandikiana, akaunti huwa ya faragha tangu mwanzo, na aliye chini ya miaka 16 huhitaji idhini ya mzazi ili kulegeza masharti. Kipimo hicho kinanivutia kuliko kile nilichokilipia, kwa kuwa jina la mgeni ni jambo ambalo mzazi ana haki ya kuliuliza, na kuuliza huanzisha mazungumzo. Nukuu ya ujumbe mkononi mwa mzazi huanzisha mashtaka.

Isidhaniwe kwamba naona huduma za kusoma ujumbe hazina kazi popote. Mzazi ambaye mwanawe anasumbuliwa na mtu mzima mtandaoni, au ambaye ana sababu ya wazi ya kuhofia kwamba mtoto anajidhuru, anaweza kuzihitaji kwa kipindi maalumu, na ikiwezekana kwa ushauri wa mtu anayeijua kazi ya kuwasaidia vijana. Kwa mzazi huyo, hata arifa kumi za uongo ni bei ndogo. Kwa wengi wetu, ambao hofu yetu ni ya jumla na haina jina, huduma hii itatuletea maneno mengi kuhusu watoto wetu na kutuficha mengine kwa sababu hayakuandikwa.

Usajili wangu unakwisha mwisho wa mwezi huu na sitauhuisha. Nimekwisha kuhamishia kufuli la usiku kwenye programu za bure zilizomo ndani ya simu, kwa saa zile zile. Mipangilio hiyo binti yangu ndiye aliyeikamilisha, kwa sababu mimi nilikwama kwenye ukurasa wa pili, na alipomaliza simu yake na ya kaka yake alininyoshea mkono niitoe na yangu. Tangu siku hiyo nayo inafungwa saa tatu na nusu.